Mbwa Aliyetukanwa kwa Niaba Yangu

Baba mkwe wangu Harkabir alikuwa na mdomo mchafu kuliko mhunzi yeyote wa milima ya Bhojpur, na mtu pekee ambaye hakuwahi kumtukana ni mimi. Alitukana makaa yenye unyevu. Alitukana mvukuto, mvua, mbuzi wa jirani na madereva waliomletea springi za lori zilizokwisha nguvu. Alimtukana mkewe kwa mapenzi, na mkewe akamrudishia mara mbili. Mimi aliniambia "bwana mkwe, ukipenda," na "bwana mkwe, usijisumbue." Sasa hayupo, ni mwaka wa tatu tangu tumpeleke mtoni kumchoma, na kila ninapowasha makaa asubuhi namshukuru kwa njia aliyoigundua ya kunitukana bila kunitukana.

Nieleze kidogo. Kwetu aliyeoa binti ya watu ni mtu wa kuinamiwa. Siku ya harusi wazazi wa bibi arusi wanawaosha miguu maharusi, na kila mwaka siku ya kupakana tika, ile alama ya baraka kwenye paji la uso, baba mkwe huweka paji lake juu ya miguu ya mkwe wake. Mkwe akija kutembea, anakaa mkekani, analetewa nyama, anarudi kwao. Heshima hiyo ni nzuri sana kwa mtu anayekuja na kuondoka. Mimi nilikuja nikabaki.

Sikuwa na pa kwenda. Mimi ni mtoto wa ukoo wa wahunzi, lakini baba yangu aliiacha nyundo akaenda kulinda maghala India, nami nikafuata nyayo zake hadi Doha, ambako kwa miaka saba nilifungua geti na kulifunga. Niliporudi, mlima ulikuwa umeshuka juu ya shamba letu na nyumba yetu. Mke wangu Sunmaya ndiye mtoto pekee wa Harkabir. Karakana ilikuwa pale, fuawe lilikuwa pale, na mzee alikuwa na kifua kilichojaa moshi wa miaka arobaini. Kama nisingejifunza mimi, moto ule ungezimika pamoja naye.

Mkwe anayehamia ukweni watu wa kwetu humwita mbwa wa nyumba ile. Hawasemi kwa kificho. Siku ya tatu tu tangu nifike, bombani, mwanamke mmoja alimuuliza Sunmaya mbele yangu, "Mbwa wako ameshakula?"

"Amekula, ameshiba," Sunmaya akasema, huku akiweka ndoo yake mbele ya ya yule mama. "Na hana tabia ya kuuma. Mimi ndiye ninayeuma. Sogea."

Nilianza kazi kwa kupuliza mvukuto, kisha nyundo kubwa, kisha tupa. Haya yote mikono huyajifunza yenyewe ikishachubuka vya kutosha. Kinachomfanya mtu awe mhunzi ni maji. Kisu chetu, khukuri, hakizamishwi chote kwenye pipa. Unakipasha moto mpaka makali yawe na rangi ya chungwa lililoiva, kisha unachukua birika la chai na kumimina maji kwenye makali peke yake, ukienda na kurudi, mgongo ukiuacha na moto wake. Makali yanakuwa magumu, mgongo unabaki mlaini. Kisha unasugua upesi kwa kipande cha tofali ili chuma king'ae, unatazama ule moto wa mgongoni ukirudi taratibu kwenye makali, na yakifika rangi ya majani makavu ya mpunga unamwaga maji mara ya mwisho. Ukikosea hapo, kazi ya siku mbili imepotea, na kisu kitasubiri siku ya aibu ndipo kikwambie.

Birika lilikuwa la mama mkwe. Aliwahi kusema kwamba nyumba hii ina visu vingi kuliko vikombe vya chai.

Mwaka wa kwanza nilidhani nimezaliwa na kipaji. Nilitia maji kisu changu cha kwanza, baba mkwe akakitazama, akakohoa, akasema, "Vizuri, bwana mkwe. Mipini niachie mimi. Wewe kapumzike." Nikapumzika. Baada ya siku mbili kisu kilikuwa na mpini, kimeng'arishwa, na tupa iliteleza kwenye makali yake bila kushika, ishara kwamba yamekuwa magumu. Cha pili vivyo hivyo. Cha kumi vivyo hivyo. Niliwapelekea watu wa sokoni nikiwa nimetoa kifua mbele, na mtu akisifu kisu nilimwambia hicho ni changu mimi mwenyewe, wala sikuongeza jina la mwingine.

Katikati ya masika ya mwaka wa pili nilifunga visu vinane nikaondoka kwenda sokoni alfajiri. Vingine vitano, nilivyovitia maji jana yake, niliviacha kwa mzee vikisubiri mipini. Mto ulikuwa umebeba mbao za daraja, basi nikageuza, na kwa sababu njia ya chini ilikuwa matope matupu nikarudi kwa njia ya juu. Kama ningepita njia ya chini ningemkuta mama mkwe kaketi pale akipepeta ulezi, kazi ambayo siku zote aliifanyia nyumbani. Alikuwa amewekwa zamu. Hilo nililijua baadaye.

Nilisikia nyundo kabla ya kuona paa. Nikachungulia penye pengo la ukuta. Sunmaya alikuwa kwenye mvukuto. Baba yake alikuwa kifua wazi, mbavu zinahesabika, ameshika koleo, na kwenye koleo kulikuwa na kisu changu. Nilikijua kwa kovu la nyundo niliyoipiga vibaya karibu na shina.

"Pumzika basi, baba," Sunmaya alisema. "Ulikohoa damu juzi."

"Nipumzike vipi? Hiki nacho kigumu mpaka mgongoni. Vyote vitano. Ukikipiga kwenye mfupa kinamegeka kama kigae." Akakohoa akishikilia nguzo. "Mumeo anamwaga maji kama anazima nyumba inayoungua."

Nikaingia. Sunmaya aliachia mvukuto. Mzee aliweka kisu chini polepole, akavuta shati lake akalivaa, kana kwamba amefumaniwa.

"Tangu lini?" nikauliza.

Nikamtazama mke wangu.

"Tangu cha kwanza," akasema.

"Vyote?"

"Kile cha mwezi wa Mangsir kilikuwa kizuri kidogo, bwana mkwe," baba mkwe akasema kwa upole. "Upande mmoja."

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Nililichukua birika nikalitupa uani, likapiga jiwe, na mdomo wake umepinda hadi leo. Nikawaambia kwamba mwaka mzima wamenifanya mtoto anayepewa usukani wa kuchezea. Nikamwambia mzee, "Kwa nini hukunieleza? Kwa nini hukunitukana kama unavyotukana kila kitu? Ungenipiga hata kofi."

Akaziba masikio yake kwa mikono miwili. "Nilikuosha miguu siku ya harusi, nikanywa yale maji," akasema. "Kinywa hikihiki. Nitakutukana nacho vipi?"

"Basi nieleze bila kutukana."

"Sijui," akasema, na nikaona kwamba ni kweli, na kwamba anaona aibu. "Mimi nilifundishwa kwa matusi. Baba yangu alinifundisha kwa matusi na koleo. Kazi hii haina maneno mengine niyajuayo. Nikianza kukuambia umekosea, litatoka tu."

Mama mkwe alifika mbio, ungo mkononi, akaona hali ilivyo. "Nimewaambia mimi," akasema, ingawa hakuwa amewaambia chochote.

Nilisema nitarudi Doha kufungua geti. Nilisema kwa hasira, lakini nilimaanisha. Mtu anayefuliwa visu vyake na mgonjwa anayetema damu hana haki ya kuitwa mhunzi, na kila kisu changu kilikuwa kinamla yule mzee kipande. Sunmaya hakunibembeleza. Alisema tu, "Ukienda, atakufa akifua peke yake. Ukikaa bila kujua kazi, atakufa mapema zaidi. Amueni nyinyi wawili, mimi nina ng'ombe wa kukamua."

Kesho yake niliingia karakana kwa sababu sikujua pengine pa kuingia. Baba mkwe alikuwa ameshafika, anapanga makaa. Kwenye mlango, juu ya vumbi la makaa, alikuwa amelala Khaire, mbwa wetu wa rangi ya udongo, mnyama mvivu asiyebweka hata kwa fisi. Nilipasha kisu, nikachukua birika lenye mdomo uliopinda, nikaanza kumimina. Nikasikia baba mkwe amevuta pumzi. Nikaona mdomo wake umefunguka, ukafungwa, ukafunguka tena. Kisha akageuka.

"Khaire," akanguruma. "Mbwa usiye na macho. Mwana wa jalala. Nani alikwambia uanze nchani? Nchani ni kwembamba, kumeshaungua kabla hujakaribia. Anza tumboni, kwenye uzito, mpumbavu mkubwa wewe."

Khaire alifungua jicho moja. Nikasogeza birika nikaanza tumboni.

"Na utamwaga mpaka lini, Khaire? Unazima nyumba ya nani? Acha. Acha, mlafi wa maji. Mgongo bado mwekundu, ndivyo utakiwavyo, sasa tofali. Tofali, Khaire, huna mikono?"

Nikachukua tofali nikasugua.

Nje, mama mkwe alikuwa amesimama na beseni lake. Alimwambia Sunmaya kwa sauti tuliyoisikia wote, "Leo mbwa ameanza shule."

Tangu siku ile nilifundishwa. Sijawahi kufundishwa hivyo na mtu mwingine, na nimepita mikononi mwa walimu wa darasani na wasimamizi wa Doha. Kila kosa langu Khaire alilibeba. Nikipasha kisu huku nimeacha mlango wazi jua likaingia, Khaire aliitwa bundi wa mchana, akaulizwa tangu lini rangi ya moto inaonekana juani. Nikifurahia ile rangi ya majani makavu nikachelewa, ikageuka ya zambarau, Khaire aliambiwa ukoo wake wote walikuwa wapishi wabaya. Nikitumia maji ya kisimani asubuhi ya baridi, na kisu kikalia tik na kupasuka, Khaire alitukanwa tangu saa nne hadi chakula cha mchana, tulipokaa kula ugali na gundruk, mboga zetu za majani zilizochachushwa, na mzee akanisogezea bakuli lenye nyama na kusema, "Kula, bwana mkwe, usijisumbue na kelele za karakana."

Nilimpenda sana mzee yule kwenye mlo ule. Nilitaka kumwambia. Lakini shukrani nayo ina njia zake kwetu, na njia ya mkwe kumshukuru baba mkwe haipo. Mwanafunzi humwinamia mwalimu akamgusa miguu. Mimi kama ningemwinamia Harkabir angeruka dirishani, maana kupokea heshima ya mkwe ni dhambi ambayo angeibeba hadi huko aendako.

Mwezi mmoja kabla ya Dashain, sikukuu yetu kubwa, alikuja Tikaram Basnet, ambaye nyumba yake inachinja dume la mbuzi kila mwaka siku ya tisa ya sikukuu hiyo. Alisimama uani, maana watu wa tabaka lake la juu hawaingii kwetu wahunzi na sisi hatuvuki baraza lao, ingawa visu vyetu huingia mpaka chumba chao cha ibada.

"Harke, kisu cha marehemu baba kimekwisha," akamwambia baba mkwe. "Nataka kipya. Dume la mwaka huu lina shingo ya kutisha."

Kila mtu alijua maana yake. Shingo lazima ikatike kwa pigo moja. Yakiwa mawili, nyumba ile inahesabu mwaka mbaya, na kila mtoto akiugua na kila ng'ombe akianguka, jina la mhunzi hutajwa. Kwetu sisi ilikuwa zaidi. Nyumba nyingine thelathini zinamfuata Basnet zikichagua mhunzi.

Baba mkwe alikuwa ameketi mkekani, amejifunika blanketi. Wakati huo hakuweza tena kuinua nyundo. "Bwana mkwe atakitengeneza," akasema.

Basnet alinitazama juu mpaka chini. "Si huyu ambaye visu vyake huzaliwa mara mbili?"

Kumbe kijiji kizima kilijua. Baba mkwe alijibu bila kunitazama. "Hiki kitazaliwa mara moja. Mimi sina tena pumzi ya kukizaa cha pili."

Siku ya kazi tulimbeba na mkeka wake tukamweka mlangoni kando ya Khaire. Sunmaya alishika mvukuto. Niliufunga mlango nusu, nikachemsha maji kidogo kuyavunja baridi. Kufua kulikwenda, na Khaire alipata fungu lake: alikuwa na mkono mzito, alikuwa na mkono mwepesi, alikuwa hajui tofauti ya kisu na jembe. Kisha ikafika saa ya maji. Makali yalipofika rangi ya chungwa nikatoa kisu motoni nikashika birika.

"Khaire," mzee akaanza.

Nikamimina tumboni, nikaenda, nikarudi. Nilimsubiri amalizie. Hakumalizia. Nilitaka sana kuendelea kumwaga, ile tabia ya mlinzi ya kutaka kila kitu kifungwe mara mbili, na mkono wangu ukasimama. Mgongo ulikuwa bado mwekundu. Tofali. Rangi ikaanza kutambaa, ikawa nyeupe ya maziwa, ikawa ya majani makavu. Nikamwaga mara ya mwisho.

Nilimpelekea. Alipitisha tupa, ikateleza kwenye makali na kushika mgongoni. Aligonga kwa kucha akasikiliza. Akanirudishia, akalala ubavu, akajifunika blanketi. Hakusema neno kwangu wala kwa mbwa.

Siku zile za kusubiri sikulala vizuri. Nilijua tupa imesema kweli, lakini niliwahi kudanganywa na visu vyangu kwa mwaka mzima. Siku ya tisa nilikwenda nikasimama uani kwa Basnet pamoja na watu wengine. Mwanawe mkubwa alishika kisu. Dume lilipotikisa kichwa baada ya kunyunyiziwa maji ya baraka, kisu kikashuka mara moja. Sikuona kikishuka, niliona kichwa kiko chini na watu wanapumua. Basnet mwenyewe aliosha kisu, akatembeza kidole kwenye makali akitafuta pengo, akatafuta tena upande wa pili.

Akaja mpaka ukingo wa baraza. "Mwambie Harke mkono wake haujazeeka," akasema.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mwaka mmoja nyuma ningemwambia kwa sauti ya kusikika mpaka bombani. Kisha nikafikiria kwamba hakuna sifa kubwa zaidi ambayo ningeweza kupewa. "Nitamwambia," nikasema.

Nilipomwambia, mzee alicheka mpaka akakosa pumzi, na mama mkwe akanigombeza kwa kumchekesha.

Kesho yake ilikuwa siku ya tika. Aliinuka kwa kushikwa bega. Alinibandika mchele mwekundu kwenye paji, kisha akashuka, kwa shida, magoti yake yakilia, akaweka paji lake juu ya miguu yangu. Nilisikia pumzi yake ikikwaruza pale chini. Nilitaka kuirudisha miguu yangu nyuma. Mtu aliyenifanya kuwa mtu alikuwa chini, na mimi niliyepaswa kuwa chini nilikuwa nimesimama, na sikuruhusiwa hata kumwinua kabla hajamaliza.

Karibu wiki tatu baadaye ikaja sikukuu ya Tihar, na katika Tihar ile siku ambayo mbwa wote wa nchi yetu huvishwa maua. Sunmaya alikuwa ametunga shada la maua ya manjano. Baba mkwe alikuwa mkekani uani, anaota jua. Khaire alikuwa kando yake, hajui kama leo ni siku yake.

Nilimvisha shada. Nikampaka tika kati ya macho. Nikamwekea mfupa wa shingo ambao kina Basnet walitupatia kama fungu la mhunzi, na ambao mama mkwe alikuwa ameukausha kwa moshi. Halafu nikapiga magoti, nikashika miguu miwili ya mbele ya Khaire, nikaweka paji langu juu yake, kama mwanafunzi anavyomfanyia mwalimu wake.

"Nakushukuru," nikasema. "Kwa kila ulichonifundisha. Na kwa matusi yote uliyoyabeba. Nilikuwa nayasikia."

Mama mkwe aliacha kufagia. Sunmaya aligeukia ukutani. Khaire alitaka kuvuta miguu yake aufuate mfupa, nami nilimshikilia, sikuinua kichwa, nikamsikia mzee anasafisha koo mara mbili, tatu.

"Pokea, Khaire," akasema taratibu. "Pokea tu. Usione haya."